Shoga yangu wa Muleba, umechaguliwa, sasa nisikilize

Shoga yangu,

Salamu nyingi mwaya. Huku sisi wazima, watoto wazima, joto la Temeke ndo linatutoa roho lakini tushazoea, hofu ni kwako na familia. Mama mpe shikamoo yangu, na lile goti lake mwambie namuombea lipoe kabla mvua hazijaanza.

Hongera sana tena sana! Yani mkutano wa kijiji mzima wamenyoosha mikono kukuchagua wewe uwe WAJA, yani mhudumu wa afya ngazi ya jamii, hiyo sio kitu kidogo, watu hawamchagui mtu wa kuingia vyumbani mwao kama hawamuamini. Umeniuliza kazi yenyewe ikoje na kama ni ile ile ninayofanya mimi huku. Ni ile ile, ila nyie mnaikuta imeshapangwa. Sisi tulianza enzi za kujitolea, kila mradi na watu wake, wa TB kivyake, wa VVU kivyake, wa mama na mtoto kivyake, nyumba moja inagongwa hodi na watu watatu wiki moja na kila mmoja ana daftari lake na hakuna anayejua mwenzie kaandika nini. Ule mpango jumuishi aliouzindua Dk Mpango Januari 2024 akiwa Makamu wa Rais ndo umekuja kutuweka pamoja, lengo WAJA 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, mwanamke na mwanaume. Kwaiyo we soma kwa bidii hiyo miezi sita ya mafunzo, hasa ile ya kutoka nje, coz darasani watakufundisha magonjwa ila nyumba utafundishwa na nyumba zenyewe.

Na hapo ndo nataka nikuambie kitu ambacho ukikishika mengine yote yatakaa sawa. Programu zinagawa watu kwa umri na kwa ugonjwa, mtoto chini ya miaka mitano huku, mjamzito kule, mzee dirisha lake, kijana wa madawa kliniki yake. Sawa, ofisini lazima iwe hivyo. Lakini nyumba haigawiki shoga yangu. Wanakula chungu kimoja, wanalala chumba kimoja, shida ya mmoja inashuka kwa mwenzie usiku huo huo. Kwaiyo usiende nyumbani kwa mtu kutafuta "kesi" yako, nenda uione nyumba yote, alafu ndo ujue nani aende wapi.

Ngoja nikupe mfano, majina sitaji na wewe usije kutaja ya kwako kwa mtu yeyote. Kuna nyumba huku Tandika, bibi wa miaka sabini na kitu, mjukuu wa kike hajafika miaka miwili, na mtoto wa kiume wa huyo bibi, kijana mkubwa tu, unga ulimpiga vibaya. Nilitumwa kwa ajili ya mtoto, amekosa kliniki. Nikamfunga mkononi ule utepe wa kupima utapiamlo ukasoma njano, yani kati ya sentimita 11.5 na 12.5, ingekuwa nyekundu ningembeba siku hiyo hiyo. Nikabonyeza miguu kwa kidole gumba kuona kama inabaki shimo, maana huo ni uvimbe wa utapiamlo mkali, haikubaki, nikashukuru Mungu. Ningeweza kuandika rufaa nikaondoka. Sasa nimekaa pale kwenye mkeka nikamwona bibi anatoa kikaratasi kutoka kwenye pindo la khanga, ndani kuna vidonge vya presha amevikata nusu nusu kwa kisu, na zile nusu nyingine amezikata tena. Nikamuuliza bibi mbona hivi, akasema mwanangu hivi vinatosha mpaka mwisho wa mwezi, nikimeza kizima kizima vitaisha na mtoto hatapata uji.

Umeona? Mtoto amekonda na bibi anakata dawa, ni jambo moja lile. Pesa ya dawa na pesa ya uji inatoka kwenye khanga ile ile.

Tukaanza na barua, mtendaji wa mtaa akaandika, tukaenda kwa afisa ustawi wa jamii, coz mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza sera inasema atibiwe bure, hiyo Sera ya Taifa ya Wazee ni ya toka 2003 na wazee wengi hawana habari nayo au wana habari ila hawana mtu wa kuwashika mkono kuzunguka hizo ofisi. Kibao cha "mpishe mzee" kipo, dirisha lipo, ila ntakuambia ukweli, kuna siku mnafika dirishani mnaambiwa dawa imeisha mkanunue nje. Usikate tamaa na usigombane na muuguzi, uliza lini zinaingia, andika, siku hiyo mrudi asubuhi na mapema.

Na yule kijana je? Mtaa mzima ulikuwa unamkimbia, sufuria ikipotea ni yeye, nguo ikianuliwa ni yeye. Ila alikuwa ameshaingia methadone, ile dawa ya kuwasaidia watu kuacha unga, unajua hii huduma Muhimbili ndo walianza 2011, wakafuata Mwananyamala na Temeke, ni bure, mtu anakwenda kila siku anakunywa dozi yake pale pale mbele ya mtoa huduma, arosto inakata, anaweza kula, anaweza kufikiri. Kila asubuhi anatembea kwa mguu kwenda na kurudi. Basi nikamwambia bibi mbele yake, huyu ndo atakuwa anachukua dawa zako. Bibi akanyamaza kwanza. Kijana nae akainamisha kichwa. Toka lini nyumba ile mtu akampa yeye kitu cha thamani mkononi! Alizileta, shoga yangu. Zote. Baadae alianguka, akarudi kijiweni wiki kadhaa, tukamfuata mimi na mwenzangu wa kiume bila kumfokea, akaanza upya. Ndo ilivyo, watu wa methadone wanaanguka na kuinuka na kila anayerudi mlangoni apokelewe kama mtu aliyekuwa safarini. Mtoto nae tulimpeleka lishe, uji wenye karanga na dagaa wa kusaga, utepe umeingia kijani.

Sasa nyie huko Muleba mna kitu ambacho mimi nawaonea wivu kabisa. Nshamba si hapo tu kwenu? Lile shirika la kusaidia wazee linaloitwa Kwa Wazee lipo toka 2003. Unakumbuka Kagera ilivyoumizwa na UKIMWI, wagonjwa wa kwanza kutambuliwa nchi hii walikuwa kwenu Ndolage mwaka 1983, kizazi cha kati kikaondoka, wakabaki bibi na wajukuu. Wale walifanya jambo la wazi kabisa ambalo watu wengi hawakulifikiria, wakaanza kumpa bibi pensheni kila mwezi mkononi mwake, na nyongeza kwa kila mjukuu anayelea. Hawakumpa mahindi wala mablanketi ya kupigia picha, walimpa pesa, apange mwenyewe. Na bibi anayepewa pesa hanunui ya kwake peke yake, ananunua chumvi, sabuni, mafuta ya taa, viatu vya mtoto vya shule. Mimi naamini hii ndo programu ya lishe na ya elimu na ya afya ya akili kwa pamoja, ila ukiiangalia kwa nje unaona kama ni ya wazee tu.

Alafu wakaongeza vile vikundi, wazee wanatembeleana wenyewe kwa wenyewe, mwenye nguvu kidogo anamchotea maji aliyelala. Na mafunzo ya kujilinda, bibi wa miaka sabini anafundishwa kupiga kelele kwa nguvu zote, kurusha teke, kuchoma jicho kwa kidole! Watu wanaweza kucheka ila sisi tunajua bibi anayeishi peke yake mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni anavyoitwa mchawi, na wengine wameuawa kwa hilo kanda ya ziwa. Hawa bibi wanahitaji kulindwa na wanahitaji kujua kwamba mwili wao bado una nguvu. Naomba kabla hujaanza kuzunguka uende Nshamba uwaone, ujue nani wa kumpigia ukikuta bibi wa hivyo kwenye kitongoji chako.

TASAF pia, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ujue orodha, kaya zipi ziko kwenye mpango wa kunusuru, coz ile ruzuku inakuja kwa awamu, na wiki kabla ya malipo ndo nyumba zinakuwa kavu kabisa. Mimi wiki hiyo ndo nazunguka kwa nguvu. Mtoto ataugua wiki hiyo, mgonjwa wa ARV, dawa za VVU, ataacha vidonge wiki hiyo anasema nikimeza na njaa napata kizunguzungu.

Mengine haraka haraka. Kikohozi zaidi ya wiki mbili usisikilize maneno ya dawa za duka, makohozi yapimwe, dawa za TB ni bure. Mabinti wa miaka 9 mpaka 14 waulizie chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, toka 2024 ni sindano moja tu, wazazi wengine wanaambiwa inaleta ugumba, kaa nao, usiwazomee. Mtoto wa kifafa usiache afichwe ndani, povu haliambukizi, mshike wewe mwenyewe watu waone. Na mwanamke aliyejitenga anakaa peke yake na ana harufu ya mkojo toka ajifungue, hiyo ni fistula, inatibika na matibabu ni bure, hospitali ya CCBRT huku Dar toka 2009 wanatuma mpaka nauli kwa M-Pesa kwa mtu anayemsindikiza. Kuna wanawake wamekaa na hali hiyo miaka na miaka kwa kukosa mtu mmoja wa kuwaambia sentensi hiyo tu.

Siri. Nakuomba sana hapa. Usiingie nyumba ya mtu anayetumia ARV ukiwa na fulana yenye maandishi ya mradi wa VVU mgongoni, umeshamtangaza kabla hujakaa. Mimi navaa khanga yangu kama nakwenda kusalimia, na nyumba za jirani naingia pia, zenye shida na zisizo na shida, ili mtaa usijue ni nyumba gani hasa ninayoifuata. Daftari liko chini ya mkoba, natoa mwisho.

Usidharau kazi hii mtu akikuambia nyie si madaktari. Marburg, ile homa ya virusi inayoua haraka, ilivyoingia Kagera 2023, na tena Biharamulo 2025, nani alikuwa anafuatilia waliogusana na wagonjwa siku 21, asubuhi homa, jioni homa? Daktari anaijua Marburg, ila anayejua kwamba fulani kalala kwa shemeji yake ng'ambo ya mto ni mtu wa kitongoji.

Na wewe mwenyewe. Posho usiitegemee kwa ada ya mtoto, mradi mmoja niliofanya zamani ilikuwa inakuja inapotea mpaka tukazoea, kwaiyo migomba yako usiiache na kikundi chenu cha kuweka na kukopa usikitoke. Kuna nyumba utatoka na utashindwa kula. Tafuta mtu wa kuongea nae, sio habari za mgonjwa, habari zako wewe. Mwanaume mtakayepangwa nae muelewane mapema, kuna milango wewe hutafunguliwa, hasa kule kwa wavuvi mialoni na visiwani ambako wanaume wanaficha ugonjwa mpaka wanazidiwa, huko mtangulize yeye.

Nitumie ratiba ya mafunzo yako ukiipata. Nina vitini vyangu vya zamani na utepe mmoja wa ziada, ntampa yule dereva wa basi la Bukoba tunayemjua akuletee, nipigie kuanzia saa moja jioni tu maana mchana simu naiweka kimya nikiwa majumbani mwa watu.

Nakupenda sana, wako wa Temeke.