Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Tawi kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu wanachama, wauguzi na wakunga wenzangu,

Katiba ya tawi inanitaka niwasomee taarifa ya mwaka. Yale mnayoyajua nitayapitia upesi. Tarehe 12 Mei tuliadhimisha Siku ya Wauguzi Duniani kwa kupima watu presha sokoni na kufanya usafi wodini. Tumezikana, tumefarijiana, tumewaaga wastaafu. Wajumbe walikwenda mkoani na taarifa yao ikabandikwa ubaoni. Mafunzo ya kuzuia maambukizi yalifanyika, na waliohudhuria wamepata pointi zao za kuhuisha leseni.

Nije kwenye daftari la zamu, kwa sababu najua ndilo lililojaza ukumbi leo.

Kwa asiyefahamu: Kamati ya Utendaji ilimwomba kila kiongozi wa zamu aandike mambo matatu kabla ya kukabidhi. Wagonjwa walikuwa wangapi, wauguzi walikuwa wangapi, na ni huduma gani haikufanyika. Safu hiyo ya tatu ndiyo iliyozua maneno. Nimeambiwa kwamba tumejichongea kwa mwajiri, kwamba tumempa fimbo ya kutuchapia. Nimeambiwa pia kwamba uamuzi ulikuwa wangu peke yangu. Si kweli. Mkutano wa wanachama uliitishwa mara mbili kuujadili, na mara zote mbili akidi haikutimia. Kamati ikaamua, kama ibara ya dharura inavyoiruhusu. Barua ya uamuzi huo kwa Muuguzi Mfawidhi, mkuu wa wauguzi hapa, niliiandika mimi kwa mkono wangu, na niko tayari kuitetea mbele yenu.

Kila mwaka tunapimwa utendaji. Mfumo wa serikali wa kutupima ulikuwa OPRAS, sasa ni PEPMIS. Muuguzi anajaza malengo, anapewa alama, na alama ikiwa ndogo anaambiwa ajitume. Hakuna mahali panapouliza usiku ule alikuwa na wagonjwa wangapi. Mwaka 2002 mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani. Walikuta kwamba kila mgonjwa mmoja anapoongezwa kwenye mzigo wa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 unapanda kwa asilimia 7, na wauguzi wenyewe wanazidi kuchoka na kuichukia kazi. Mwaka 2014 utafiti wa nchi 9 za Ulaya ulileta jibu lile lile, ukaongeza kwamba penye wauguzi wengi zaidi wenye shahada vifo vinapungua. Jimbo la California halikungoja hata hayo: sheria ya idadi ya wagonjwa kwa muuguzi ilipitishwa 1999 na kuanza kutumika 2004.

Mwenzetu mmoja alisema hayo ni ya Wazungu, huku kwetu ndugu wa mgonjwa anasaidia. Ndugu anaogesha na kulisha, ni kweli, na tunamshukuru. Lakini hajazi partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama na hali ya mtoto. Tuhesabu pamoja. Mapigo ya moyo wa mtoto yanasikilizwa kila nusu saa. Mkunga mwenye akina mama wanne wenye uchungu anatakiwa kusikiliza mara 8 kwa saa, bado kupima presha, bado kuangalia mikazo ya uchungu. Mama mmoja akianza kusukuma, watatu waliobaki hawana mtu. Asubuhi partografu inajazwa kwa kukumbuka, na mtoto akizaliwa amechoka anayeitwa kujieleza ni mkunga. Dawa ya sindano ya kila saa 8 ni vivyo hivyo: ikiandikwa imetolewa wakati haikutolewa, mgonjwa hapati nafuu, daktari anabadilisha dawa bure, na sisi tumeuficha ushahidi ambao ungetutetea.

Kuhusu lugha mbaya kwa wagonjwa, sitaitetea hata siku moja. Lakini nimefanya kazi wodini muda wa kutosha kujua kwamba nyingi huanza saa kumi alfajiri, kwa mtu ambaye hajakaa chini tangu aripoti.

Yapo matunda. Baada ya Muuguzi Mfawidhi kulisoma daftari, zamu ya usiku ya chumba cha kujifungulia iliongezewa muuguzi kutoka idara ya wagonjwa wa nje, na makabidhiano sasa yanafanyika kitandani kwa mgonjwa badala ya mezani. Hakuna mwanachama aliyeadhibiwa kwa alichoandika. Wanaodai vinginevyo walete jina.

Fedha. Tuko wanachama 96, ada ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Waliolipa mwaka mzima ni 41, yaani shilingi 2,460,000. Waliolipa nusunusu wameleta 870,000. Jumla 3,330,000, na deni kwa wanachama ni 2,430,000. Rambirambi zilichukua 1,400,000, maadhimisho 650,000, nauli za wajumbe 180,000, daftari na kurudufu 310,000. Zimebaki 790,000 za mwaka huu. Hizo 310,000 ndizo zilizokuwa za fulana za 12 Mei, na malalamiko yalikuwa makali. Nimepitia orodha ya mhazini. Wengi wa waliodai fulana hawajalipa hata mwezi mmoja. Inaniuma kusema hivi mbele ya watu wazima wenzangu, lakini ada ya walioilipa ndiyo inayowazikia ndugu wa wasiolipa, na mahudhurio ya mikutano ni ya watu wale wale. Najua zamu zinabana. Zinawabana na wanaokuja.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kuendelea na daftari, Mungu akipenda wodi zote. Tunatumaini kukaa na uongozi kuhusu posho ya sare na wenzetu ambao madaraja yao yamechelewa, na kutafuta namna ya kuwasaidia wanaotaka kwenda kusoma shahada. Suala la kukata ada moja kwa moja kwenye mshahara litaletwa kwenu mara litakapokamilika.

Naishukuru kamati, na hasa katibu, aliyeyakusanya madaftari wodi kwa wodi baada ya zamu zake. Daftari lenyewe liko hapa mezani. Mwenye shaka alifungue kabla hatujaanza mjadala.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti wa Tawi