Vyuo vya kompyuta vifundishe matumizi ya skrini mbili

Mhariri,

Mimi ni mhasibu mjini Kisumu, na mezani pangu pana skrini mbili: kushoto hukaa leja, kulia taarifa za benki. Majuzi tulimpokea kijana aliyehitimu mafunzo ya kompyuta, naye alipochomoa waya wa skrini moja akadhani kazi ya asubuhi nzima imepotea, kumbe dirisha la programu yenye kazi hiyo lilibaki nje ya upeo wa skrini iliyosalia. Tulilichagua kwa vitufe vya Alt na Tab, kisha tukabonyeza kitufe cha Windows pamoja na mshale wa kushoto, likarejea. Uso wake uliojaa hofu ulinisikitisha, maana kosa halikuwa lake.

Naviomba vyuo vyetu vya magharibi mwa Kenya vifundishe pia kwamba vitufe vya Windows, Shift na mshale wa kushoto au kulia vikibonyezwa pamoja huhamisha dirisha kutoka skrini moja hadi nyingine, na kwamba Windows na P humwezesha mtu kuchagua kati ya kupanua eneo la kazi hadi skrini ya pili na kurudia picha ileile kwenye skrini zote mbili. Somo hilo halihitaji zaidi ya kipindi kimoja.

Mhasibu,
Kisumu.