Ulizeni namba ya kifungu

Mhariri,

Ndugu zetu walioko Uingereza huingiwa na hofu ya bili jamaa yao anapolazwa kwa lazima kwa maradhi ya akili, kisha akapelekwa hospitali binafsi kwa kukosa kitanda. NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huko, ikimpeleka huko, NHS hulipa. Familia isisaini fomu ya kukubali gharama.

Shida huanza akiruhusiwa. Kifungu cha 117 cha Sheria ya Afya ya Akili ya 1983 humpa matunzo ya bure aliyezuiliwa kwa kifungu cha 3. Aliyezuiliwa kwa kifungu cha 2 pekee, kile cha kuzuiliwa hadi siku 28, hana haki hiyo. Ulizeni namba ya kifungu mapema, kwa maandishi. Inauma kuona familia ikilipia matunzo ambayo NHS na halmashauri zilipaswa kuyagharimia.