Shukrani kwa aliyetuachia daftari za Girl Guides

Wewe uliyeacha lile boksi kwenye ofisi ya kanisa bila kuandika jina, asante sana. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika historia ya kundi letu la Girl Guides, yaani skauti wa kike, tulikuwa na picha chache tu, tena hazina majina. Sasa tuna daftari za mahudhurio, risiti za vitambaa vya sare, na beji ya majani matatu, pini yake imeshika kutu. Ukurasa wa maandalizi ya Februari 22, siku waliyozaliwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, na mkewe Olave, umejaa penseli hadi pembezoni: nani abebe bendera, nani asome somo. Kina mama wa kwaya waliutambua mwandiko papo hapo! Kama una mengine, tuletee; hatutauliza wewe ni nani.