Shemeji, makaa yamefika Tanga kabla yako

Shemeji yangu,

Salamu kutoka Makorora. Sote wazima. Dada anakusalimu, ingawa salamu zenyewe nimemwombea mimi. Nakuandikia hadharani kwa sababu kwenye simu umebaki na wimbo mmoja: "Mwaka huu mradi unaanza." Uliuanza mwaka 2012, ulipoacha kuchomelea vyuma Pongwe ukapanda basi kurudi kwenu Ludewa, mkoani Njombe, kuwahi ajira za mradi wa makaa ya mawe wa Mchuchuma.

Wakati ule sikukulaumu. NDC, Shirika la Maendeleo la Taifa, ilikuwa imesaini na Wachina wa Sichuan Hongda Septemba 2011, na hesabu zake zilimtoa mtu udenda: makaa ya mawe tani milioni 428, mtambo wa umeme wa megawati 600, 250 za kuyeyushia chuma cha Liganga, 350 za gridi ya taifa. Fundi gani angebaki Tanga?

Ila sasa unaniambia mradi umekwamishwa na wazungu wa mazingira. Hapo tutakosana. Walioshtakiana kwa ajili ya moshi ni jirani zetu wa Lamu, Kenya, na leseni ya mtambo wao wa megawati 1,050 ikafutwa Juni 2019. Mchuchuma hakuna aliyeifuta. Imekwama mezani. Mwekezaji alitaka vivutio vya kodi, serikali ikaviona vimezidi. Bei ya kuuziana umeme na TANESCO ikavutwa huku na huku. Mwaka 2017 Bunge likapitisha sheria za rasilimali zinazoruhusu mikataba yenye masharti mabaya ifunguliwe upya, na wa Mchuchuma ukaangukia humo. Mimi sioni ubaya kuukagua. Mkataba wa hovyo ungetufuata mpaka wajukuu. Ubaya ni kuwaacha ninyi wa Nkomang'ombe, kijiji chenye makaa hayo, mkihesabu miaka bila kauli ya kueleweka. Hata fidia ya mashamba imesubiri mpaka 2023!

Huku nyuma nchi ikageuzia macho Rufiji. Mkataba wa Bwawa la Nyerere ulisainiwa Desemba 2018, mashine ya kwanza ikaanza Februari 2024, na sasa ziko tisa, kila moja megawati 235. Jumla 2,115, yaani Mchuchuma tatu na nusu. Unaukumbuka mgao wa mwishoni mwa 2023? Dada alitupa samaki friji nzima, akanuna siku tatu. Mgao ulipoisha, hapa mtaani hakuna aliyeuliza makaa yameishia wapi.

Hoja moja nakupa. Maji yana hila, na sisi wa Tanga tunajua: mtambo wetu wa maji wa Hale uko pale tangu 1964, megawati zake 21, na mto Pangani ukipungua unakohoa. Tena Rufiji ni mbali na huku. Machi 2025 Rais Samia alisema kaskazini tutanunua umeme wa Ethiopia, kwa kuwa wetu unapotea mwingi njiani. Nicheke ukitaka. Lakini Ludewa nako si Muheza, shemeji. Nyaya zingetambaa vilevile.

Kinachoniuma ni kingine. Mwaka 2016 serikali ilipozuia makaa ya nje, viwanda vya saruji vikaambiwa vichukue ya Ngaka, kule Mbinga. Malori yakaja hadi huku Tanga, turubai juu, vumbi jeusi kwenye matairi. Dada alikuwa akiyaona barabarani akiwa na baiskeli yake, anarudi nyumbani ananiambia, "Hawa wametoka kusini." Anaishia hapo hapo, anaingia jikoni.

Mashine yako ya kuchomelea bado iko uvunguni kwangu. Nimeifuta vumbi, waya mmoja panya ameutafuna, nimeubadilisha. Jirani wa nyuma anataka mageti mawili na madirisha sita. Nimemwomba asubiri wiki mbili. Zikipita, nitamwita fundi mwingine.

Shemeji yako,
Makorora