Shukrani kwa dada wa duka la dawa, Kawangware

Dada uliyekuwa zamu jioni ile karibu na steji, asante sana. Mama alikuja kununua diklofenaki ya maumivu ya magoti tu, wewe ukamwomba amwage mfuko wote wa dawa kauntani. Ukakuta amlodipini, dawa ya presha, mara mbili: pakiti tofauti, jina tofauti, dawa ileile. Kumbe ndiyo maana miguu ilikuwa imevimba! Diklofenaki ukakataa kumuuzia, kwa sababu ikichanganywa na losatani, dawa yake nyingine ya presha, na ile ya kukojoza, figo za mzee huumia, na presha yenyewe hupanda. Foleni ikanung'unika, wacha inung'unike. Ukamwandikia kikaratasi ampelekee daktari, bila kutoza hata shilingi. Daktari ameshafuta amlodipini moja. Mama anakuita "yule binti mkali", na anakuombea.