Kabla hujabadili kibodi, andika kwanza neno "kupika"

Mwezi uliopita aliingia dukani kwetu mama mmoja, mhazili mstaafu, ambaye siku hizi anachapa ripoti za wanafunzi nyumbani kwake. Baada ya shikamoo na marahaba akaweka mkono wa kulia juu ya kaunta.

"Mwanangu, kidole hiki cha shahada kimechoka. Ikifika jioni hata kifungo cha gauni kinanishinda. Mjukuu wangu anasema kuna kibodi inaitwa Dvorak, haichoshi. Niwekee."

"Nitakuwekea mama, ukitaka. Ila kaa kwanza nikuonyeshe kitu."

Nilimfungulia ukurasa mtupu nikamwomba aandike neno "huyu" taratibu, macho yakiwa kwenye mkono badala ya kioo. Akaandika, akanyamaza, akaandika tena. Herufi zote nne zilikuwa za kidole kilekile kinachomuuma. Tukajaribu "humu", ikawa hivyo hivyo. "Muhimu" nayo ina herufi sita, na tano kati yake ni za kidole hicho. Miaka 30 na zaidi amechapa bila kutazama, lakini hakuwahi kuhesabu.

Mpangilio wa herufi tuliouzoea, ule unaoanza na QWERTY juu kushoto, ulitokana na kazi ya Christopher Latham Sholes na wenzake huko Milwaukee, Marekani, na mashine za kwanza za kuchapa za Remington ziliingia sokoni mwaka 1874. Zilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaoandika Kiingereza. Kiswahili kina tabia yake: konsonanti, irabu, konsonanti, irabu, na neno likiisha linaishia kwenye irabu. Kwenye kibodi hii herufi Y, H, J, N, M na irabu U zote zimerundikwa kwenye kidole cha shahada cha kulia. Kila "hu", "mu", "ju", "nu" na "yu" unayoandika, kidole kimoja kinabonyeza, kinaruka, kinabonyeza tena. Silabi "ki" nayo ni mzigo wa kidole cha kati peke yake, na sisi bila "ki" hatuandiki hata mstari mmoja.

Sasa turudi kwa Dvorak ya mjukuu. August Dvorak alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, na hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) ya mpangilio wake ilitoka mwaka 1936. Alifanya kazi nzuri sana. Irabu zote tano aliziweka safu ya kati upande wa kushoto, na konsonanti zinazotumika sana upande wa kulia, ili mikono ipokezane. Ukisikia hivyo unasema hiki ndicho ambacho Kiswahili kilikuwa kinakingoja. Mimi nilisema hivyo, nikajifunza Dvorak miezi miwili.

Kilichoniangusha ni K. Kwenye Kiingereza K haitumiki sana, kwa hiyo Dvorak akaipeleka safu ya chini, mkono wa kushoto, kwenye kidole cha shahada. U na I ziko kwenye kidole hichohicho. P na Y pia. Sasa andika "kupika" kwa Dvorak: K, U, P, I, K, mara tano mfululizo kidole kimoja cha kushoto, kisha A kwa kidole cha mwisho, na mkono wa kulia umekaa tu. Kila kitenzi chetu kinachoanza na "ku-" na kila nomino ya "ki-" inakifanyia kidole hicho vivyo hivyo. Mama alikuja na kidole cha shahada cha kulia kinachouma, nami ningempa cha kushoto.

Kwa wateja wanaoandika Kiingereza kutwa nzima, Dvorak naiweka bila wasiwasi. Kwa anayeandika Kiswahili, napendekeza Colemak, mpangilio uliotolewa na Shai Coleman mwaka 2006. "Kupika" huko inapita kwenye vidole vitano, na hakuna kidole kinachobonyeza mara mbili mfululizo. "Huyu" ni vidole vitatu. Maneno kama asante, shida, hadithi, dirisha na starehe unayamaliza yote bila kutoka safu ya kati. Kuna jambo jingine ambalo wachapaji wanalipenda zaidi: Z, X, C na V hazijaguswa, kwa hiyo kunakili, kubandika na kutendua ni palepale mkono ulipozoea. Jumla vinavyohama ni vitufe 17.

Nayo ina dosari, na nawaambia wateja kabla hawajatoa hela. Kidole cha shahada cha kulia kinabeba J, L, H, N, K na M. Kwa hiyo "mkono", "mlango" na "mkulima" zinaanza kwa kidole kimoja kuruka mara mbili. Nimeitumia na naiona ni gharama ndogo kuliko "ki" na "hu" za kila sentensi, lakini ipo.

Halafu kuna A. Andika "Baba anataka mahali pa kukaa". Herufi ni 24, na 11 kati yake ni A. Mipangilio yote mitatu imeiweka A palepale, chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Kama hapo ndipo unapoumia, usinunue huduma hii kwetu. Njoo tukutafutie kibodi yenye vitufe laini, na ushushe meza au upandishe kiti mpaka viwiko viwe usawa wa kibodi na viganja visikunjwe kuelekea juu. Na kama vidole vinakufa ganzi usiku au kikombe kinakuponyoka, nenda hospitali kwanza. Mpangilio wa herufi si dawa.

Wanaojiandaa na usaili wa vitendo hivi karibuni pia nawaomba wasubiri. Kompyuta utakayokalishwa itakuwa ya QWERTY, na wiki za kwanza za kubadilisha zinavuruga mpangilio wa zamani kabla ule mpya haujakaa. Mimi wiki ya kwanza nilikuwa naandika barua moja kwa muda wa barua nne. Kasi yangu ilirudi wiki ya sita, nikiwa nafanya mazoezi nusu saa kila asubuhi. Nilikuwa nanakili habari za gazeti la Kiswahili, kwa sababu mazoezi mengi ya mtandaoni ni ya Kiingereza na yanafundisha vidole lugha nyingine.

Kuwekewa ni shilingi 10,000, dakika 20 hivi. Mpangilio wa zamani haufutwi: kwenye Windows unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na nafasi, unarudi QWERTY, ili mwenzako wa ofisini asikwame. Tunakupa karatasi yenye picha ya herufi ya kubandika chini ya kioo. Stika juu ya vitufe hatubandiki, maana zinakuinamisha shingo na hutajifunza. Baada ya wiki mbili unarudi tuangalie mikono, hiyo hatutozi.

Mama alichukua Colemak. Siku ya tatu alipiga simu saa moja asubuhi, kompyuta imekataa nywila. Haikuwa imeharibika, alikuwa anaandika nywila ya zamani kwa herufi mpya. Tangu siku hiyo, kabla mteja hajaondoka, tunazima kompyuta na kuiwasha, naye anaingiza nywila yake mwenyewe mbele yetu.